Wanafunzwa Kulia Jukwaani, Hawafunzwi Kunyamaza

Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 10, 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, hapa kaunti ya Nakuru, zamu yao ilipofika katika Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka. Mchezo wao, Echoes of War, hawakuuigiza. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaagiza urejeshwe, na usiku wa kuamkia siku hiyo mtunzi wake, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, akatiwa mbaroni. Wasichana walilalamika kwamba hawakuwa na vifaa vya sauti wala mapambo ya jukwaa, na mbele yao hapakuwa na watazamaji. Nje, polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi.

Siasa ya siku ile imechambuliwa na kila mwenye kalamu na kila mwenye simu. Mimi nataka kuzungumzia upande uliosahaulika, nao ni upande wa mwigizaji mwenyewe.

Mfikirie msichana wa kidato cha tatu ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akifanya mazoezi ya mchezo kuhusu nchi inayojizoazoa baada ya vita, na vijana wake wanaovutana na watawala. Amefunzwa kuogopa kwa mwili mzima, kuanzia pumzi hadi mabega na macho. Kila jioni anaingia katika hofu hiyo kwa hiari yake, na kila jioni mwelekezi anamwambia bado, ingia zaidi. Halafu siku yenyewe inapowadia, hofu inakuja bila kuitwa, na moshi wake unawasha kwelikweli. Kilichopita mioyoni mwa wasichana wa Butere ni chao kusimulia. Lakini yeyote aliyewahi kufundisha drama anabaki na swali: mhusika uliyemvaa kwa miezi, ukinyimwa nafasi ya kumwigiza, unamvulia wapi?

Polisi ndio waliokifanya kisa cha Kirobon kuwa cha ajabu. Hayo mengine ni ya kila mwaka. Katika shule na vikundi vya maigizo kuanzia Naivasha hadi Molo, kutoka Njoro hadi Marigat, ubingwa wa mwelekezi hupimwa kwa jinsi anavyojua kumzamisha mwigizaji ndani ya mhusika. Namna ya kumtoa haimo katika ratiba ya mazoezi wala katika karatasi ya mwamuzi. Naona hilo ni kosa, na katika Bonde la Ufa ni kosa zito kuliko mahali pengi, kwa sababu hapa mchezo na maisha vinakaa nyumba jirani.

Anayezijua tamasha hizi anajua muhula wa kwanza unavyokuwa. Mashindano huanza mashinani, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, na mwishowe taifa mnamo Aprili. Mada hazibadiliki sana. Utaona ukeketaji, ndoa za mapema, ulevi, mashamba, wizi wa mifugo, na mtoto anayejitoa uhai kwa ajili ya mtihani. Kwa kuwa shule zote zimebeba mizigo ileile, inayoshinda mara nyingi ni ile iliyomliza mwamuzi. Hapo ndipo mwelekezi humvuta mwanafunzi kando na kumpa ushauri ambao waigizaji wengi wa nchi hii wameusikia angalau mara moja: kumbuka siku uliyofiwa. Kumbuka baba alivyompiga mama. Tumia hilo.

Na machozi huja. Wenzake wanapiga makofi, mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika, na zoezi linakwisha. Saa nne usiku taa za bweni zinazimwa. Mtoto aliyelifukua kaburi la mamake saa kumi na moja jioni anatarajiwa kulala, kwa kuwa kesho asubuhi kuna hesabu.

Mbinu hiyo ina kwao. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863 na mmoja wa waasisi wa Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, alichoshwa na uigizaji wa kupunga mikono na kughani maneno kama mtu anayesoma tangazo. Alitaka ukweli wa ndani. Katika majaribio yake alifikia kile alichokiita kumbukumbu ya hisia, yaani mwigizaji kurudia jambo lililompata, akaziokota hisia zake na kumpa mhusika. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi wake Michael Chekhov, mpwa wa mwandishi Anton Chekhov, alifanya zoezi hilo kwa kukumbuka mazishi ya babake. Alilia kwa ukweli uliomgusa sana mwalimu wake. Baadaye ikabainika kwamba baba yu hai. Chekhov aliyabuni mazishi yote.

Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake mna hoja nzito kuliko vitabu vingi vya uigizaji. Kijana yule alionyesha kwamba mawazo peke yake yanatosha na hapahitajiki kidonda halisi, na baadaye akaijenga mbinu yake nzima juu ya ubunifu wa mawazo. Stanislavski naye, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1938, aliegemea zaidi vitendo vya mwili: fanya anachofanya mhusika, hisia zitafuata. Mwaka 1934 mwigizaji Mmarekani Stella Adler alikutana naye Paris, akarudi New York na habari kwamba mzee mwenyewe ameshasonga mbele. Mwenzake Lee Strasberg hakukubali. Akaendelea kufundisha kumbukumbu ya hisia hadi ikawa alama ya kituo cha waigizaji cha Actors Studio, na kutoka hapo Hollywood ikatutengenezea hekaya ya mwigizaji mkubwa, yule asiyelala, asiyekula, asiyeitika jina lake mpaka filamu iishe.

Kilichotufikia huku, kwa njia ya filamu, warsha za siku tatu na masimulizi ya mwelekezi kwa mwelekezi, ni ile nusu ya kwanza ya Stanislavski pamoja na hekaya za Hollywood. Nusu ya pili, ambayo mzee aliishughulikia katika miaka yake ya mwisho, haikupata nauli.

Wanasayansi nao wameanza kuchungulia. Mwaka 2019 Steven Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaweka waigizaji ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwauliza maswali. Mara wajibu kama wao wenyewe, mara kama Romeo au Juliet. Walipojibu kama wahusika, shughuli ilipungua katika sehemu za mbele za ubongo zinazohusishwa na mtu kujifikiria mwenyewe. Miaka mitatu baadaye watafiti wa University College London waliwavisha waigizaji vifaa vya kupima ubongo wakiwa katika mazoezi ya Shakespeare, kisha wakawaita kwa majina yao halisi. Kwa kawaida ubongo hushtuka mtu anaposikia jina lake. Walipokuwa ndani ya mhusika, mshtuko huo ulififia. (Mama yeyote wa Nakuru aliyemwita mwanawe kutoka kwenye kandanda angeweza kuwaambia hayo bila malipo.)

Hizi ni tafiti ndogo na hazisemi kwamba kuigiza ni ugonjwa. Zinasema tu kwamba kuzama si maneno matupu. Mtu hujiweka kando kwa muda ili mwingine apate pa kukaa.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia, na ni haki kuutaja. Elly Konijn, mtafiti wa Uholanzi, aliwauliza waigizaji wa kulipwa wa nchi yake na wa Marekani wanachohisi hasa wakiwa jukwaani. Jibu halikuwafurahisha wapenzi wa kuzama. Hisia za wengi zilikuwa za kazi yenyewe, kama vile umakini, wasiwasi wa kukosea na raha ya kuona hadhira imeshikika. Huzuni ya mhusika ilikuwa ya mhusika. Mfaransa Denis Diderot alikuwa ameshadai hivyo katika karne ya 18, kwamba mwigizaji mahiri hulia bila kulia.

Sasa hatari iko kwa nani? Iko kwa anayeanza, ambaye ujuzi wa kujigawa hivyo bado hajaupata. Mwaka 1999 Suzanne Burgoyne wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wanafunzi wa uigizaji. Wapo waliosema jukwaa limewakomaza. Wapo pia ambao mpaka kati yao na mhusika ulifutika, wakabeba hasira na majonzi yake hadi nyumbani na katika mapenzi yao. Kilichowatenganisha kwa sehemu kubwa ni udhibiti: je, mwigizaji alihisi kwamba ndiye anayeshika usukani? Nchini Australia, Mark Seton aliyasukuma mazungumzo hayo mbele zaidi kwa kuzungumzia msongo unaobaki baada ya mchezo kwisha. Aliulaumu utamaduni wa vyuo vya sanaa unaomsifu mwigizaji kwa kuumia na kumwacha ajitafutie dawa mwenyewe, mara nyingi kwenye chupa.

Udhibiti ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu unaeleza mambo ya kwetu ambayo kina cha kuzama peke yake hakiwezi kuyaeleza.

Tuanze na mzigo mwepesi. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza Mzee Ojwang katika Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa miongo mingi, kwa lafudhi ya Kijaluo isiyo na dosari. Alipofariki Julai 2015 wapo Wakenya walioshangaa kusikia jina lake halisi na kwao alikotoka. Mhusika alikuwa amemmeza mtu hadharani. Lakini Ojwang alikuwa mhusika wa kuchekesha, mtu wa kukaribishwa chai popote. Joseph Olita wa Siaya hakubahatika hivyo: tangu aigize Idi Amin katika filamu ya mwaka 1981, kivuli cha yule dikteta kilimfuata mpaka kifo chake mwaka 2014. Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin huyohuyo nchini Uganda katika filamu ya mwaka 2006 na kujifunza Kiswahili kwa ajili hiyo, amewahi kueleza jinsi kazi ilipokwisha alivyojaribu kumwosha Amin mwilini bafuni na kuirudisha sauti yake mwenyewe. Yule alikuwa na bafu na, baadaye, tuzo ya Oscar.

Hao ni wa runinga na filamu, ambako tukio likishapigwa picha limepita. Jukwaani mhusika hufa tena kesho. Waulize waigizaji wa vikundi vya vitabu teule, wale wanaotumbuiza wanafunzi wa sekondari katika kumbi kama ile ya Nakuru Players, urithi wa enzi za walowezi, au wanaofunga safari na mapazia yao kutoka shule hadi shule. Msimu ukichacha, maonyesho huwa mawili au matatu kwa siku. Aliyepewa Mwelusi katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, kilipokuwa kitabu teule, aliteswa gerezani saa tatu asubuhi, akateswa tena saa nane, na kesho yake ilikuwa shule nyingine. Anayecheza Sara katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege anaugua na kukumbuka ukatili wa mume kila siku ya juma, na anayecheza Yona, mume mwenyewe, anazomewa na mabinti mia tano wenye sare. Kisha kuna kupanga viti, kugawana posho na kutafuta matatu. Katika haya yote hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni kazi, na kazi inafanyika hivyo. Ila Sara na Yona wanaweza kupanda matatu moja hadi nyumbani bila kuzungumza, na kila mmoja akadhani ni uchovu tu.

Mzigo mzito kabisa wa eneo hili ni ule wa 2008. Kati ya Januari 24 na 27 mwaka huo mji wa Nakuru ulichinjana, kisha moto ukahamia Naivasha. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini baada ya uchaguzi, na zaidi ya watu 600,000 walihama makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka mji wa mahema. Kabla ya hapo Molo, Njoro, Kuresoi na Burnt Forest zilikuwa zimeonja machafuko ya miaka ya 1990, hivi kwamba kuna familia zilizokimbia mara tatu kutoka shamba lilelile.

Moshi ulipotulia, mashirika na makanisa yalileta michezo ya kuigiza kama dawa, na sikatai kwamba ilitibu. Mbinu iliyopendwa ni ile ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo mchezo husimamishwa katikati na mtazamaji akaingia kuchukua nafasi ya mwigizaji ili ajaribu kubadili mwisho. Vikundi vilicheza masokoni, kambini, kwenye viwanja vya shule. Mchezo wa shirika la S.A.F.E. Kenya uitwao Ni Sisi, kuhusu kijiji kilichoishi vizuri mpaka uvumi wa ukabila ulipoingia, ulizunguka nchini kisha ukawa filamu mwaka 2013.

Hebu tazama kazi hiyo kwa macho ya mwigizaji. Kijana wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, amepewa nafasi ya mchomaji. Pengine amepewa kwa sababu ya lafudhi yake, kwa kuwa katika Kenya lafudhi humchagulia mtu mhusika kabla hajafungua daftari la mchezo. Mbele yake wamekaa watu ambao nyumba zao ziliteketea. Miongoni mwao pengine yumo aliyechoma. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi wakati ule na ana picha zake kichwani ambazo hajawahi kumwonyesha mtu. Anapaza sauti, anainua rungu la kuigiza, na mama mmoja safu ya mbele anapiga kelele ambayo haimo katika mchezo. Mwelekezi anasema hilo ndilo lengo: hadhira imeguswa. Kweli, hadhira imeguswa, na baada ya onyesho itapewa mshauri nasaha, soda na nafasi ya kusema. Mchomaji anavua shati lenye masizi, analitia kwenye mfuko wa plastiki, na kurudi mtaani ambako wengine tayari wameanza kumwita kwa jina la mhusika.

Mwandishi wa tamthilia Francis Imbuga aliliona jambo hili mapema. Katika Betrayal in the City, iliyochapishwa 1976, wafungwa wanafanya mazoezi ya mchezo wa kumfurahisha mgeni wa mtawala, na ndani ya mazoezi hayo bunduki za kuigiza zinakuwa bunduki za kweli. Vizazi vya watahiniwa vimejibu maswali kuhusu sura hiyo kama mbinu ya mchezo ndani ya mchezo. Kwa mwigizaji wa Bonde la Ufa ni maelezo ya mahali anapofanyia kazi.

Na bado siamini kwamba dawa ni kuwakataza watu kuigiza maumivu yao. Ushahidi wa kupinga hilo uko juu tu ya ukingo wa bonde, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, hadithi ya kunyang'anywa shamba, iliyokuwa hadithi yao wenyewe. Walikuwa karibu na wahusika kuliko mwanafunzi yeyote wa Strasberg. Mchezo ulianza Oktoba 2, ukapigwa marufuku katikati ya Novemba, Ngũgĩ akazuiliwa siku ya mwisho ya mwaka, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Lakini simulizi iliyobaki kuhusu mazoezi yao ni ya watu waliosimama wima zaidi ya walivyokuwa. Sababu zake hazihitaji mashine ya ubongo. Waliusahihisha mchezo wenyewe, wazee wakikataa maneno yasiyofanana na walivyoishi. Mazoezi yalikuwa wazi, kijiji kikitazama na kukosoa. Kila uchungu ulikuwa na wimbo na ngoma ya pamoja, na hakuna aliyebaki peke yake na mhusika wake. Udhibiti ulikuwa mikononi mwao, mpaka serikali ilipoupokonya.

Ukiliweka hilo kando ya bweni la saa nne usiku, tofauti inaonekana. Mwanafunzi wetu hakuandika mchezo. Umeandikwa na mtunzi wa kukodiwa. Hakuchagua mhusika. Hakuchagua kumbukumbu ya kutumia, na hawezi kumwambia mwalimu kwamba hiyo hataki kuigusa, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu na kombe ni kombe. Kina alichozamishwa kinaweza kuwa sawa na cha Kamirithu. Kamba ndiyo hana.

Wazee wa pwani walielewa haja ya kamba hiyo kabla ya Moscow kuwa na jumba la sanaa. Katika ngoma za pepo, mgonjwa hupandwa, husema kwa sauti isiyo yake, hudai vitu ambavyo yeye mwenyewe havipendi. Fundi hufukiza ubani na kupiga ngoma inayomfaa pepo huyo, na akishapanda hujadiliana naye, humpa anachotaka, humtuliza. Kuna utaratibu wa kupandisha na kuna utaratibu wa kushusha, na fundi anayeondoka kilingeni huku mtu wake angali amepandwa hataitwa tena. Sisemi kuwa uigizaji ni mambo ya pepo, wachungaji wa Nakuru wanisamehe. Nasema jamii zilizozoea kumwona mtu akiwa mwingine hazikumwacha huko alikokwenda.

Mwanasayansi Susana Bloch wa Chile, aliyeanza kazi yake miaka ya 1970, alifika mahali hapohapo kwa njia ya pumzi. Alichunguza jinsi kila hisia ya msingi inavyokuja na upumuaji, mkao na sura yake, akawafundisha waigizaji kuziingia kwa mwili badala ya kumbukumbu. Na kila zoezi alilimaliza kwa hatua ya kutoka: kusimama wima, kuvuta na kutoa pumzi ndefu za polepole, kupapasa uso kwa viganja, kubadili mkao. Haina gharama na inaweza kufanywa kwenye uwanja wa vumbi wa shule yoyote ya Subukia.

Waelekezi wengine duniani wana njia zao, na nyingi ni za kawaida mno. Mwigizaji avue maleba kwa mkono wake na kuyatundika mahali pamoja kila siku. Aseme jina lake, kwao, na chakula alichokula mchana. Waliocheza mpigaji na mpigwa watazamane na kuitana kwa majina yao halisi kabla ya kuachana. Nje ya mazoezi, asiitwe jina la mhusika hata kwa mzaha, hasa kama mhusika ni mbakaji au mwendawazimu. Na badala ya kumwambia akumbuke mazishi ya mamake, aulizwe: kama ungekuwa mtu huyu, ungefanya nini sasa? Neno hilo dogo, kama, nalo ni la Stanislavski, na ni salama zaidi kwa mtoto.

Kuna watakaosema haya ni anasa katika nchi ambayo jopokazi la serikali lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na ambako mwalimu wa ushauri nasaha ndiye pia mwalimu wa Jiografia, michezo na zamu. Ninawaelewa. Ila hatuzungumzii kuajiri madaktari. Dakika kumi za mwisho wa mazoezi tayari zipo. Siku hizi hutumiwa kumkaripia aliyesahau maneno. Na pale ambapo jambo limezidi dakika kumi, Nakuru si jangwa: Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kinafundisha wanasaikolojia na washauri wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo, na vikundi vya maigizo viko kilomita chache tu kutoka lango lake.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi likizo ya Aprili na kombe mkononi, amekonda, anashtuka usiku au anajibu kwa ukali usio wake, msikimbilie kusema amepata kiburi cha umaarufu. Muulizeni alicheza nani, kisha msikilize mpaka mwisho.

Kwa waandaaji wa Tamasha za Kitaifa ombi ni hili. Kanuni zenu zinasema mchezo uchukue muda gani na jukwaa lipambwe vipi. Ongezeni kifungu kimoja kabla ya msimu ujao: kila mwelekezi anayeleta mchezo wenye mauaji, ubakaji, vita au kujiua aeleze kwa maandishi jinsi anavyowatoa wanafunzi wake ndani ya wahusika hao, na asiyeweza kueleza asiruhusiwe kupanda jukwaani.